Tukishamjua Mbu wa Malindi, Nani Atatumwa?

Kabla maabara hazijaanza kusoma vinasaba, mbu wa pwani walipimwa kwa maji ya bahari. Mwaka 1951 mtaalamu wa wadudu R. C. Muirhead-Thomson alichapisha utafiti juu ya mbu wa malaria wa maji chumvi na wa maji baridi katika pwani ya Afrika Mashariki. Ukiwalaza chini ya darubini huwezi kuwatenganisha. Viluwiluwi vyao ndivyo vilivyotoa siri: vikitiwa katika maji ya chumvi kali, vya aina moja hufa, vya nyingine huogelea kama kawaida. Hao wanaonusurika leo huitwa Anopheles merus.

Tangu 1993 kazi hiyo ya kuwatenganisha imeachiwa PCR, kipimo cha vinasaba. Ni kipimo cha kuaminika, ila kinadai umeme usiokatika, kemikali za kuagizwa na mtu aliyesomea. Mbu aliyenaswa Jilore au Jaribuni hana budi kusafirishwa hadi maabara, na jibu laweza kutoka mvua ikiwa imeshapita. Ndiyo sababu watafiti wanahangaikia vipimo vya papo hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulijaribiwa vijikaratasi vya VecTest, vinavyochovywa katika mbu aliyesagwa ili kuonyesha vimelea. Taasisi ya Ifakara, Tanzania, imekuwa ikitumia mwanga wa infraredi kukisia umri na aina ya mbu. Uganda wamejaribu VectorCam, programu ya simu inayomtambua mbu kwa picha.

Je, Kaunti ya Kilifi, ulimo mji wa Malindi, yenye mzigo wa afya tangu ugatuzi wa 2013, itie fedha huko? Mimi nasema itie, lakini si kwa swali ambalo wengi huliuliza kwanza.

Swali hilo ni: mbu yupi ana vimelea? Lina mvuto, nalo ndilo linalopotosha. Chukulia mbu elfu moja, kumi kati yao wakiwa na vimelea. Kipimo kikiwapata wote kumi, lakini kikawasingizia wawili katika kila mia ya wasio navyo, utakuwa na majibu kama thelathini ya “ndiyo”, na ishirini kati yake ni uongo. Hapa Kilifi tatizo ni kubwa zaidi. Mtafiti Joseph Mwangangi na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba katika miongo miwili Anopheles gambiae asili amepungua pwani na Anopheles arabiensis akazidi. Huyu arabiensis hapendi binadamu peke yake, hunywa na damu ya ng'ombe. Na imeshajulikana kwamba kipimo cha protini ya vimelea huweza kudanganywa na mbu aliyeshiba damu ya mifugo, hadi sampuli ichemshwe ndipo uongo uondoke. Sasa nani atachemsha mbu chini ya mwembe?

Isitoshe, kujua kwamba vimelea ni vichache hakutulindi. Mtafiti Charles Mbogo na wenzake walichunguza maeneo tisa ya pwani na kuchapisha matokeo mwaka 1995: hata pale ambapo mbu wenye vimelea walikuwa adimu mno, watoto bado walilazwa kwa malaria kali.

Matende na mabusha, ambayo minyoo yake nayo huenezwa na mbu, nayaweka kando. Dawa za kinga kwa umma zilianza kugawanywa Kilifi mwaka 2002, na kusaga mbu kwa mafungu ili kuona kama minyoo bado imo ni bora kuliko kuwaamsha watu usiku kuwatoa damu. Hapo kupima vimelea ndani ya mbu kuna faida ya wazi.

Kwa malaria, swali lenye faida ni aina ya mbu na kama dawa bado inamuua. Chandarua chenye dawa kilifanya kazi kubwa hapa. Jaribio la Kilifi lililochapishwa 1996 lilionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa asilimia 33. Lakini chandarua chamlinda aliyelala ndani yake, na arabiensis yuko radhi kumuuma mtu barazani kabla hajalala.

Halafu kuna mgeni, Anopheles stephensi, mbu wa mijini anayezaliana kwenye matangi na mapipa. Aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, nchi hiyo ikiwa na wagonjwa 27 wa malaria walioripotiwa. Mwaka 2020 walizidi 73,000. Kenya ilitangaza kumpata Marsabit mapema mwaka 2023, na hakuna sababu ya kudhani atatosheka na kaskazini. Mji wenye matangi mengi kama Malindi ndio aupendao. Kwa mbu huyu, kujua wiki hii au miezi sita baadaye ni mambo mawili tofauti kabisa, na hapo ndipo kipimo cha haraka kitarudisha gharama yake.

Ila kipimo cha malaria cha binadamu kilifaulu kwa sababu ambayo watengenezaji wa vipimo vya mbu huisahau. Mhudumu wa afya akiona mistari miwili, dawa mseto imo mkobani. Akiona stephensi kwenye tangi la hoteli, mkobani mna nini?

Malindi haianzi na mikono mitupu. Kikundi cha PUMMA, yaani Punguza Mbu na Malaria Malindi, kilifanya kazi na taasisi za utafiti za icipe na KEMRI kusaka mazalia na kutia dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi. Watafiti walikuta mabwawa ya kuogelea yaliyotelekezwa yamejaa viluwiluwi. Na kwa hilo hawakuhitaji kipimo chochote, macho yaliwatosha. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, ina sehemu nzima juu ya mazalia ya mbu. Kilichokosekana ni mtu wa kugonga geti, mwenye mamlaka, dawa na mafuta ya pikipiki.

Kwa hiyo bunge la kaunti likiletewa ombi la kununua vipimo hivi, wawakilishi wadi wasikubali bajeti yenye mstari mmoja. Mstari wa pili uwe wa dawa ya viluwiluwi, wa tatu wa afisa wa afya ya umma atakayepokea jibu, na muda atakaopewa kufika kwenye tangi uandikwe kwa saa.