BUSTANI YA NYUMBANI: Ndago hazishindwi kwa hasira

Ndugu msomaji, Jumamosi iliyopita nilimkuta jirani yangu, mama wa watoto wanne, akipatana bei na fundi ili uwanja wa mbele ya nyumba yake usakafiwe wote kwa saruji. Ukoka alioupanda kwa mikono yake mwenyewe ulikuwa umezidiwa na ndago. "Nimeng'oa mpaka kucha zinaniuma," alisema, "na kila ning'oapo moja, huota tatu." Nilimsihi amwahirishe fundi, kwani saruji katika jua la Dar es Salaam si mahali pa mtoto kuchezea.

Mama huyo hakutia chumvi katika maneno yake. Mwaka 1977 wataalamu walioorodhesha magugu mabaya kuliko yote duniani waliiweka ndago ya kwanza. Ndago si jamii ya nyasi. Lishike shina la ua lake utahisi lina pembe tatu. Chini ya ardhi ina viazi vidogo vilivyounganishwa kwa nyuzi mithili ya shanga. Uzi ukiwa mzima, viazi vingi hulala. Ukivuta majani kwa nguvu, uzi hukatika, na vilivyolala huamka.

Basi tufanyeje? Lowesha udongo jioni. Asubuhi chimba kwa jembe uma kiasi cha sentimita 30, inua bonge zima, ulichambue kwa vidole. Viazi vianike juu ya bati mpaka vikauke kabisa; usivitupe katika shimo la mbolea wala kwa jirani. Kisha panda ukoka uliotoka mahali safi.

Baada ya hapo, kagua kila baada ya wiki mbili. Chipukizi likiachwa kama wiki tatu hivi huanza kuunda viazi vipya. Likiondolewa mapema, kiazi mama huchoka na mwisho hufa. Kazi hii huchukua misimu, si siku. Usifyeke ukoka mfupi mno, kwani ndago huchukia kivuli. Wala usiumwagilie kupita kiasi, kwani ndago hustawi penye unyevu.

Jihadhari na njia za mkato. Chumvi huharibu udongo. Dawa ya glaifoseti huua ukoka pamoja na ndago. Karatasi ya nailoni hutobolewa na machipukizi yake makali. Tena uchunguze udongo na samadi kabla ya kununua, maana ndago nyingi huingia nyumbani kwa mlango huo.

Fundi amekubali kungoja. Mama na watoto wake wameanzia pembeni mwa bomba lililokuwa likivuja, nalo wamelitengeneza kwanza. Jumapili ya kwanza walijaza kopo zima la viazi. Nawe, ndugu msomaji, anza na kipande kimoja tu leo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.