Unadai Usikizwe, Wewe Unamsikiza Nani?

Ndugu yangu, dada yangu uliye chuoni.

Wewe wa Garsen, wa Hola, wa Kipini. Umefika chuo, hata kitanda hujapata, ushatiwa kwenye grupu la WhatsApp la "watu wetu". Watu wetu ni nani? Wapokomo wana lao, Waorma lao, Wardei lao. Waata hata hawakumbukwi. Kisha ukifika mkutano wa wanafunzi wa kaunti, mtu akisimama kuuliza habari ya malisho anazomewa: "Keti chini, wewe si wa kwetu!" Dada akiinua mkono, haonekani.

Huo ndio uhuru wa kujieleza?

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilipofuta uamuzi uliowaruhusu wasichana wa Kiislamu wa shule ya Kiwanjani, Isiolo, kuvaa hijabu, tuliumia. Tukasema: tusikizeni, tupokeeni tulivyo. Lilikuwa dai la haki. Sasa mbona nafasi unayoidai kwa wakubwa unamnyima mwenzako mnayelala chumba kimoja?

Na usiniambie "ni maneno tu". Tarehe 22 Agosti 2012, kijijini Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kikazaa kisasi: Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Ugomvi ni ule ule wa shamba, malisho na maji. Wazee hawakuweza kuuzungumza bila matusi. Na wewe msomi pia huwezi?

Sisemi unyamaze. Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kusema. Kifungu hicho hicho hakilindi uchochezi wala maneno ya chuki. Kwa hivyo sema mashamba yamefunga njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Sema mifugo imemaliza mahindi ya mtu. Lete ushahidi, pinga hoja mpaka jioni. Lakini taja jambo, usitukane kabila.

Mkutano ujao, fanyeni hivi: kila msemaji apewe dakika sawa, na waanze wale ambao hawajawahi kusema. Mpokomo akimtukana Muorma, Mpokomo mwenzake ndiye amkataze. Muorma akitukana, vivyo hivyo. Kumkemea wa kabila lingine ni rahisi, kila mtu anaweza. Mkemee binamu yako, hapo ndipo tutajua unaupenda uhuru kweli.