Kosa Lisilojieleza

Waliopita mikononi mwangu darasani wataikumbuka kalamu yangu nyekundu. Shairi lililopotoka kipimo nililitia alama ya kosa ukingoni, nikaandika neno moja tu, "mizani", kisha nikafungua daftari jingine. Madaftari yalikuwa mengi na usiku ulikuwa mfupi. Sasa nimestaafu, na kompyuta ndiyo iliyonionyesha kasoro ya desturi ile. Kwa hiyo leo nawaomba radhi wapenzi wa ushairi nizungumzie jambo linaloonekana kuwa mbali na ushairi: namna ya kuandika majaribio ya programu za sheli ili, yanaposhindwa, yaeleze yameshindwaje.

Sheli ninayoitaja si ile ya kujazia mafuta. Ni programu inayopokea amri za maandishi na kuzitekeleza. Kwa kuitumia nimejitungia programu ndogo ya kuhesabu mizani katika mashairi ninayoletewa na vijana. Na kwa kuwa chombo kinachohukumu kazi ya mtu yafaa nacho kihukumiwe, nimekiandikia majaribio. Nachukua kipande ninachojua kuwa kina mizani nane, nakipitisha, natazama kama nacho kitapata nane.

Tatizo ni kwamba amri ya test, ambayo huandikwa pia kwa mabano ya mraba, ni bubu kwa maumbile. Vitu viwili vikilingana hurudisha 0, visipolingana hurudisha 1, wala haichapi neno. (Kwamba sifuri ndiyo alama ya kufaulu, mwalimu yeyote atanielewa nikisema ilinichukua muda kuzoea.) Ukitanguliza set -e, programu husimama penye kosa la kwanza, kimya, kama mtu aliyeondoka mkutanoni bila kuaga. Majaribio yangu ya mwanzo yaliniambia tu kwamba jaribio fulani limeshindwa. Nilikesha nikitafuta kosa ndani ya kipande cha shairi ambacho hakikuwa na kosa.

Hatimaye niliandika msaidizi huyu, ambaye majaribio yote sasa humwita badala ya kutumia mabano matupu:

hakiki_sawa() {
    [ "$2" = "$3" ] && return 0
    {
        echo "KOSA: $1"
        echo "  ilitarajiwa: [$2]"
        echo "  imepatikana: [$3]"
    } >&2
    return 1
}

Mambo yakienda sawa hanyanyui mdomo, na hilo ni adabu ya zamani ya Unix ninayoiunga mkono. Yakienda kombo hutaja mahali, kilichotarajiwa na kilichopatikana. Mabano yanayozunguka majibu si pambo. Kuna siku kina cha [ni] kilikataa kulingana na [ni ], na bila mabano hayo nisingeiona kamwe ile nafasi tupu iliyojificha mwishoni.

Tazameni basi alichoniambia siku ya kwanza:

KOSA: ubeti 3, mshororo 2, ukwapi: Mtoto yule mpole
  ilitarajiwa: [8]
  imepatikana: [6]

Zimepungua mbili, na kipande kina m mbili zinazosimama peke yake: m-to-to yu-le m-po-le. Programu yangu ilikuwa ikihesabu irabu tu! Mtunzi alikuwa sahihi, mwenye kosa alikuwa mhesabuji. Laiti ujumbe ungetaja kosa bila namba, ningemrudishia kijana shairi lake alivunje ili limridhishe chombo kibovu.

Nikarekebisha, nikaibuka na shida nyingine iliyo nzito zaidi. Katika "mtu mbaya", m ya mbaya ni kiambishi cha ngeli, nayo ina mizani yake: m-ba-ya, tatu. Katika "nyumba mbaya" imeungana na b: mba-ya, mbili. Mbuni ndege ana mizani mbili, mbuni unaozaa buni una tatu. Herufi ni zilezile, na mashine yangu haina sikio. Basi nimemwongezea msaidizi mstari wa nne unaoonyesha jinsi programu ilivyogawa silabi. Mtunzi akiuona mgawo huo ana la kujibu. Akiambiwa "mizani" tu, atajibu nini?

Wenzetu wenye kazi kubwa wameyaona haya zamani. Mradi wa Git, ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 2005, umejaa majaribio ya sheli, na humo nimeokota mengi. Msaidizi wao test_path_is_file hufanya kazi ya test -f, ila faili lisipokuwapo hulitaja kwa jina. Ninayempenda zaidi ni test_must_fail, anayeitwa pale ambapo amri inatakiwa ishindwe. Hakubali kila kushindwa: amri ikianguka katikati ya kazi, au isipopatikana kabisa na sheli ikarudisha 127, hukataa na kueleza sababu. Nami nilikuwa na jaribio la kuthibitisha kwamba shairi lenye vina vilivyovunjika hukataliwa, nalo lilifaulu kwa wiki nyingi. Kumbe jina la programu nililikosea herufi moja. Haikuwapo programu yoyote iliyokagua vina, na kutokuwapo kwake ndiko nilikokuhesabu kuwa ushahidi.

Kuhusu lugha ya ujumbe wenyewe nina neno moja la ukali. "Hitilafu imetokea" ni sentensi sanifu isiyo na habari ndani yake. Nani amekosea, wapi, kwa kiasi gani? Kiswahili kina ngeli, nyakati na viambishi vya kutosha kuyasema hayo kwa mstari mmoja, na anayeandika vile hana haki ya kusingizia uchache wa msamiati.

Mara moja tu, katika miaka yangu yote ya kufundisha, mwanafunzi alinifuata na daftari lake. "Samahani mwalimu, mizani zimezidi au zimepungua?" Nilikuwa nimesahau. Tukahesabu pamoja, yeye kwa vidole, mimi kwa kalamu. Mshororo ulimtaja mtu mbaya, nami mbaya nilikuwa nimempa mbili. Nilifuta alama yangu mbele yake. Wengine wote niliowaandikia neno lile walichukua madaftari yao wakaenda, na wachache kati yao niliwaona tena wakitunga.