Mkulima Asiye na Shamba
Katika vilima vya Kibimba, wilayani Ngara, mkoani Kagera, ambako ndizi, maharage na muhogo ndiyo riziki ya kila nyumba, mwanamke ndiye alimaye, apaliliaye na avunaye, ilhali shamba lenyewe, kwa ada za kale, aghalabu huhesabiwa kuwa milki ya mume au ya ukoo. Dhuluma hiyo ilikwisha kukemewa mwaka 1990, pale Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, mjini Mwanza, alipohukumu katika shauri la Bi. Holaria Pastory, mwanamke wa mkoa huu huu wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa babaye akapingwa na jamaa yake, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaithibitisha haki hiyo. Basi wenye kuleta mbegu bora na mikopo, wala siidharau hisani yao, watangulize hati ya kimila ya kumiliki ardhi yenye jina la mama, kwani mjane aogopaye kufukuzwa kesho atathubutuje kupanda migomba ya kudumu? Na Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo sheria imewatengea wanawake viti 3 kati ya 7, lisikae kusuluhisha mgogoro wa ardhi hata siku moja ilhali viti hivyo ni vitupu.