Kanzu Iliyokwenda Upande

Binti akimshonea babake kanzu ya Idd na upindo ukaenda upande, twawausia msiharakishe kuifanya tambara. Ufumueni upindo taratibu. Baba aivae, asimame wima, mpime kuanzia sakafuni pande zote, wala msifuate mkunjo wa awali. Ukunjeni upya, mpige pasi, mshikize kwa bandi. Kisha binti ashone kwa mkono, sindano ikichota nyuzi mbili tatu tu za kitambaa, uzi usionekane nje.

Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Basi baba na aende sala ya Idd na kanzu hiyo hiyo. Ikitupwa, huenda binti asishike tena sindano.