Kukauka si Kukomaa

Maji yakimwagika hayazoleki, na neno likishaandikwa katika hataza, mahakama hailizoi. Mwaka wa 2004, katika kesi ya Chef America dhidi ya Lamb-Weston, mahakama ya rufani ya shirikisho nchini Marekani iliamua mzozo kuhusu kinyunya kwa kihusishi kimoja. Hataza ilitaka kinyunya kipashwe moto “hadi” kiwango cha kati ya nyuzi 400 na 850 hivi za Farenhaiti. Mwenye hataza alidai kwamba hilo lilikuwa joto la tanuri. Mahakama ilishikilia kuwa ni joto la kinyunya chenyewe, ijapokuwa kingeungua kikawa makaa, na ikakataa kumsahihishia maandishi yake.

Sasa tuitazame resini, kwa mfano epoksi. Aghalabu husemwa kwamba “hukauka”. La hasha! Kukauka ni kupoteza maji au kiyeyushi. Epoksi huwa ngumu kwa kuwa molekuli zake hufungamana na za dawa inayochanganywa nayo, zikawa wavu usioyeyuka tena. Hati ikisema tu “resini ikauke kwa nyuzi 120”, mshindani atauliza: nyuzi za tanuri au za resini? Ifungamane nusu au kabisa?

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya. Kwa maoni yangu, “kukomaa” ndilo neno lifaalo, kwani linabeba hatua zote: resini changa, iliyokomaa nusu, iliyokomaa kabisa. Wanakiswahili tusipoamua mapema, hakimu atatuamulia.