Homa Inayorudi Isiitwe Utegaji

Askari akiandikisha ugonjwa mara mbili katika mwezi mmoja, na mara zote ikawa ni homa, haupiti muda kabla ya minong'ono kuanza kambini kwamba anategea zamu. Sisi wenyewe tumewahi kumcheka mwenzetu wa namna hiyo, na leo twaona haya kulisema. Homa ya papasi ndivyo ilivyo: humwangusha mtu kwa siku chache, ikamwachia akadhani amepona, kisha baada ya juma moja hivi ikamrudia.

Papasi si yule kupe anayeng'ang'ania ng'ombe. Yeye hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu kwa nusu saa hivi na kurudi mafichoni kabla aliyelala hajaamka. Huweza kuishi miaka bila kula, na huwarithisha wanawe bakteria wa maradhi hayo. Kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa zamani, ambamo doria hujisitiri na mvua, si ya kuaminiwa.

Katika mwaka 1904, Ross na Milne walieleza juu ya bakteria hao katika damu ya wagonjwa wa Uganda. Mwaka uliofuata, mashariki ya Kongo, Dutton na Todd walithibitisha kwamba papasi ndiye mwenye kuwaeneza. Wote wawili waliambukizwa, na Dutton akafariki huko Kasongo.

Leo dawa za jamii ya tetrasaiklini huponya homa hii. Lakini mara nyingi bado huandikwa malaria katika daftari la zahanati, maana kipimo cha haraka cha malaria hutafuta malaria peke yake. Twamwomba basi mganga wa kikosi atwae tone la damu wakati homa imepanda, kwani ikishuka bakteria huwa haba, na alitazame kwa darubini hata kama kipimo kimekwisha kuonyesha malaria. Mtu aweza kuwa na yote mawili.

Askari naye ataje mahali alipolala majuma yaliyopita, hata kama hakuwa na ruhusa ya kulala hapo. Jina la kijiji hicho lifikishwe ofisi ya afya ya wilaya. Mgeni amelala humo usiku mmoja tu. Wenyeji hulala humo mwaka mzima. Homa hii huweza kuharibu mimba, na watoto wachanga hufa nayo. Huenda damu ya askari huyo ikawa ya kwanza kutoka kijiji hicho kutazamwa kwa darubini.

Mkuu wa kikosi asione aibu orodha ya wagonjwa wake ikirefuka. Na wanaorejea kutoka doria wakung'ute mablanketi na mifuko yao nje, waianike juani, kabla ya kuiingiza katika nyumba wanamolala wake na watoto wao.